Kibali cha Kuficha Kopo

Masharti ya kuficha kopo katika bustani ya umma niliyaandika mimi, kwa mkono, mjini Kitale, miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Kabla ya hapo hayakuwapo. Nilikuwa karani katika ofisi iliyotunza bustani, na kazi yangu ilikuwa kuwaeleza watu habari za vibali: cha picha za harusi, cha mahubiri, cha kuuza soda siku ya mkutano. Nilisifiwa kwa uvumilivu. Mtu asipoelewa nilianza upya, polepole, bila kukunja uso.

Siku moja akaja mwalimu wa jiografia, mwanamke, kutoka shule ya kutwa karibu na Kiminini. Mgeni aliyejitolea kufundisha shuleni kwao alikuwa amemwazima kifaa cha GPS, kinene kama simu za siku zile, na muhula ukiisha mgeni angeondoka nacho. Mwalimu alitaka wanafunzi wa chama chake cha jiografia wakitumie japo mara moja nje ya shule kabla hakijaenda. Akanieleza mchezo wenyewe. Unaficha kopo mahali pa umma, unaandika namba za mahali hapo jinsi kifaa kinavyozipata kutoka kwa setilaiti, kisha wengine wanazifuata namba hizo mpaka walifikie. Ndani mna daftari. Anayelipata anaandika jina lake, halafu analirudisha palepale.

"Ndiyo nimekuja kuomba ruhusa," akasema. "Sitaki watoto wafukuzwe kama wezi wa maua."

Angelificha kimyakimya na hakuna ambaye angejua. Uaminifu wake ndio uliomponza.

Barua yake niliipeleka kwa mkubwa wangu. Akaisoma kwa sauti ili watu wa masijala wasikie. "Ati anataka ruhusa ya kuficha kopo. Mwalimu mzima, bana." Wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi. "Mwandikie masharti," akaniambia. "Mengi. Tuone atachoka lini."

Nikaandika. Baadhi yalikuwa na maana, na hata leo ningeyatetea: kopo lisizikwe, lisitiwe chakula, lisikae karibu na nyaya za umeme, liandikwe nje kwamba ni la mchezo. Mengine yalikuwa ya kuchekesha ofisi. Polisi waandike kwamba kopo si bomu. Afisa wa afya aandike kwamba halitazaa mbu. Wenzetu wa mji wa Bungoma waandike kwamba bustani yao haina kopo lingine linaloweza kuchanganywa na letu. Nami, nikijiona hodari, nikaongeza la kwangu: kibali chenyewe, chenye muhuri, kikae ndani ya kopo, ili yeyote atakayeliokota ajue ni la halali. Nakala haitakubaliwa.

Kila alipokuja nilimpa sharti moja tu. Mkubwa ndivyo alivyotaka. "Usikate tamaa, Mwalimu," nilimwambia. "Umefika mbali. Imebaki hii moja." Kila mara alinishukuru. Bungoma alikwenda mara tatu. Mara mbili aliambiwa mwenye kuandika barua hayupo, na ya tatu akapewa karatasi yenye mstari mmoja: Hatuna kopo. Tuliibandika ukutani, juu ya birika la chai.

Wiki ya mwisho ya muhula mkubwa akatia sahihi. Ijumaa mwalimu akalificha kopo lake, kibali kikiwa ndani. Jumamosi asubuhi wakaja wanafunzi kama ishirini, sare zimepigwa pasi. Tulikuwa dirishani sote, ghorofani juu ya bustani. Msichana mmoja mrefu alishika kifaa kwa mikono miwili, wenzake nyuma yake wakihesabu hatua. Muhula mzima walikuwa wamejizoeza kwenye uwanja wa shule.

Hawajafika katikati, mkubwa akamtuma askari wa bustani.

"Madam, kibali iko wapi?"

"Iko ndani ya kopo. Masharti yenu ndiyo yalisema hivyo."

"Na kopo iko wapi?"

"Si ndiyo wanatafuta."

"Basi hakuna kutafuta bila kibali."

Mwalimu akainua macho dirishani, akanitafuta mimi. "Shuka umweleze," mkubwa akasema. "Anayempenda ni wewe."

Nikashuka. Neno moja langu lingetosha, kwa maana kibali kile nilikipiga muhuri mwenyewe. Badala yake nikamweleza mwalimu kwa upole kwamba kibali hutambuliwa kikionyeshwa, na kwamba njia ipo: yeye anajua kopo liliko, basi alitoe.

"Nikilitoa mimi, watatafuta nini?"

"Angalau hawatafukuzwa, Mwalimu. Jipe moyo."

Mwalimu akawapita wanafunzi wake, akaenda moja kwa moja hadi nyuma ya tangi la maji, akapiga magoti, akalivuta. Msichana mrefu alibaki ameshika kifaa vilevile, mshale wa kiooni ukimwonyesha mwalimu wake.

Mkubwa alikuwa amenifuata. Akafungua kopo, akasoma kibali, akakigeuza nyuma, akakisoma tena. "Hiki ni cha kuficha," akasema. "Cha kutoa hukuomba."

Masijala wakaangua kicheko kule juu. Kijana mmoja wa nyuma naye akacheka, halafu wawili, halafu chama kizima isipokuwa yule msichana. Mwalimu hakuwakemea. Akawapanga mistari miwili, wakatoka langoni. Kopo likabaki kwetu.

Jumatatu akarudi peke yake. Kifaa kilikuwa kimeshaondoka na mgeni. Kopo hakulitaka tena. Aliomba daftari tu, kwa sababu yule msichana alitaka kuandika jina lake. Daftari lilikuwa masijala, na ukurasa wa kwanza tayari ulikuwa na zamu zetu za kununua maziwa ya chai. Nikamweleza kwamba kitu kilichozuiliwa hurudishwa kwa barua iliyopitishwa na mkuu wa shule, kwamba si jambo gumu, na kwamba ningemsaidia kuiandika. Nikamvutia kiti.

"Wenzako walinicheka tangu siku ya kwanza, nikawajua," akasema. "Wewe nilikuwa nakuombea kanisani."

Akaenda zake bila kukaa. Muhula uliofuata tukasikia kwamba chama cha jiografia shuleni kwao kimevunjwa, na mtu wa masijala akauliza kama tulikuwa tumewapa kibali cha kukivunja. Nilicheka pamoja nao.