Tiki za Hadija

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa kuamia ndege, mwanangu, nikiwa mwalimu mgeni katika shule ya kata huko Chemba, nimesimama mbele ya kidato cha pili na daftari la mahudhurio mkononi. Uwele ulikuwa umeanza kukomaa. Nusu ya madawati yalikuwa matupu, maana watoto walikuwa mashambani, wamepanda madungu, yale majukwaa ya miti ya kulindia shamba, wanapiga kelele kufukuza ndege. Mashamba yaliizunguka shule, kwa hiyo sauti zao zilitufikia hadi darasani. Nilipoita jina la asiyekuwepo, wenzake walisikiliza kidogo, kisha wakanyoosha kidole dirishani. "Yupo, mwalimu. Yule anaita pale." Darasa likacheka, nami nikacheka, nikaweka tiki.

Usinihukumu haraka. Mkuu wetu wa shule, mzee mpole, ndiye aliyenizoesha. Alisema mtoto anayeamia ndege si mtoro, atarudi uwele ukivunwa, tena wilayani hawapendi kusikia habari za utoro. Wao wanataka fomu ijae: wavulana wangapi, wasichana wangapi, wa umri gani, waliohudhuria wangapi. Kawaida ni kama sheria. Nami nilikuwa msichana mbichi, napenda sifa. Siku afisa elimu alipokuja akasema wasichana wetu wanahudhuria kuliko wa shule zote za jirani, nilitembea kifua mbele juma zima.

Kulikuwa na binti akiitwa Hadija. Alikaa dirishani, mwembamba, na hesabu alizimaliza kabla sijamaliza kuziandika ubaoni. Shamba la kwao lilikuwa ng'ambo ya korongo, unaliona ukiwa darasani, dungu lake limesimama katikati. Jumatatu moja hakuja. Nikaita jina lake, na sauti ikaja kutoka ng'ambo, ndefu, sauti ya msichana. Nikaweka tiki. Siku ya pili ikaja tena, na ya tatu. Siku ya nne nikagundua kwamba wanafunzi hawacheki wala hawanyooshi kidole. Wameinamisha vichwa. Sikuuliza. Nikaendelea na tiki zangu kwa majuma mawili.

Juma la tatu mama yake akaja darasani. Alikuwa Msandawe, mjane, na Kiswahili alikisema polepole, akichagua maneno. Nilimpa kiti, akakataa.

"Mwalimu, mwanangu yuko wapi?"

Nikamjibu kwamba yuko shambani, anaamia. Akatikisa kichwa.

"Shamba letu ndege wamemaliza zamani. Juu ya dungu hapana mtu."

Akanieleza kwamba Jumatatu ile Hadija alitoka nyumbani na sare yake, na jioni hakurudi. Siku ya tatu mama akaenda kwa mtendaji wa kata. Mtendaji akatuma mtu kwa mkuu wa shule kutazama daftari, na daftari likasema yupo. Akaambiwa binti yake anasoma, bila shaka analala kwa rafiki zake, arudi nyumbani amngoje. Juma la pili akaenda tena, na daftari likasema vilevile. Yeye hakujua kusoma, akaiamini karatasi yetu.

"Wewe umemficha mwanangu kwenye karatasi," akaniambia. Hakupaza sauti. Wakubwa wengi wamenigombeza maishani, lakini maneno ya mama yule bado nayasikia nikiosha vyombo.

Nikawageukia wanafunzi. Msichana mmoja akasimama, akasema walimwona Hadija Jumatatu ile akipanda lori la nafaka pamoja na mama mmoja aliyemwahidi kazi za ndani mjini Dodoma. Nikamuuliza kwa nini walinyamaza. "Tulidhani unajua, mwalimu. Kila siku ulimwandika yupo."

Nilikwenda Dodoma, nikazunguka soko la Majengo kwa wauza nafaka, siku mbili, duka kwa duka. Mpakua magunia mmoja alimkumbuka binti mwenye sketi ya shule. Alikuwa amekaa pale zaidi ya juma moja, akichambua maharage, na alikuwa ameondoka juzi. Na nani, kwenda wapi, hakujua. Polisi walitafuta, sisi tulitafuta. Hatukumpata hadi leo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliuficha utoro mpaka ukawa msiba wa mtu mwingine.

Jumatatu iliyofuata mama yake alikuja saa ya kuita majina, akasimama nje ya dirisha la Hadija. "Mwite," akasema. Nikaita. Sauti ikaja kutoka ng'ambo ya korongo, ndefu kama siku zote. Watoto wakainama. Mama hakugeuza hata shingo.

"Yule si wangu. Andika."

Nikaandika hayupo, kwa mara ya kwanza. Sauti ile haikuja tena, na ilikuwa ya nani sijui hadi leo.

Jana uliponipigia simu kutoka shuleni kwako Busi, ukaniambia mkuu wako wa shule anataka ujaze kwenye kishikwambi kwamba kidato cha pili wote wapo, kwa kuwa eti wako mashambani na watarudi, nilinyamaza. Ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika, mwanangu. Nilikuwa hapa nyumbani Area D, Dodoma, mlango wazi, nasikiliza kama kuna mtu anaita.

Basi nisikilize nawe. Takwimu mbaya zitakuletea barua ya karipio, na karipio linapita. Mtoto asipoitika, andika hayupo, kisha vaa viatu ukamtafute siku ile ile, ungali unaona vumbi la lori. Usiitikie kwa niaba yake, wala usikubali darasa limwitikie. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi wake anaitegemea kalamu yako. Majuto ni mjukuu. Wangu nimemlea miaka mingi, sitaki akuhamie.

Mungu akuepushe na sifa za bure, akupe moyo wa kuuliza pale wengine wanapoinamisha vichwa. Na kila jina utakaloliita asubuhi, aliitikie mwenyewe.