Gari Lililopona Kabla ya Asesa Kufika

Gari lenyewe lilikuwa Pijo la rangi ya maziwa, kuukuu tangu siku tuliyolinunua. Mume wangu alipofariki, ndugu zake wawili waliitisha kikao cha familia wiki chache baada ya mazishi, wakasema yao. Shamba la chai libaki mikononi mwa mama yao mpaka watoto wangu wakue. Ng'ombe wabaki pale pale bomani. Wakafika kwenye gari, na hapo yule mkubwa akakohoa kwanza. Gari abaki nalo shemeji, akasema. "Lakini siku itamshinda, tunauza. Mwanamke na gari, wapi na wapi?"

Niliyameza maneno hayo, maana mjane hajibizani na watu kabla udongo wa kaburi haujakauka. Lakini niliyameza bila kutafuna, na miaka miwili baadaye yalikuwa bado yamenikaa kooni.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nafundisha shule moja ng'ambo ya mto, upande wa kuelekea Ndanai, na nyumbani kwetu ni juu kwenye chai. Kwa miguu ni mwendo wa zaidi ya saa mbili kama hakuna matope, na huku kwetu ni lini hakuna matope? Bila gari ningelazimika kuhamia nyumba za walimu, chumba kimoja cha mabati, pamoja na watoto wangu watatu. Na nikishahama tu, najua, boma lingejifunga nyuma yangu. Ningeitwa mgeni mahali nilipoolewa. Nililipenda gari lile, sioni haya kusema. Anayesema mtu hawezi kupenda chuma hajapanda mlima ule kwenye mvua akiwa amebeba madaftari ya darasa zima.

Ndiyo maana nilikata bima kubwa, ile inayokulipa hata gari lako mwenyewe likiumia, badala ya ile ndogo ya kumlipa mwenzako tu. Walimu wenzangu walicheka mpaka chai ikawapalia. Pijo la shamba na bima ya waziri! Nikawaambia wacheke, siku yao inakuja. Sikujua inayokuja ni yangu.

Ilikuwa Jumapili. Niliegesha gari nje ya ua wa kanisa, mahali pangu pa siku zote, nikaingia ibadani. Mvua ilikuwa inapiga mabati, na kwaya haikukubali kushindwa na mvua, kwa hiyo hakuna aliyesikia kitu. Tulipotoka nikakuta mlango wa nyuma wa upande wa kushoto umebonyea ndani kama sufuria iliyokanyagwa na ng'ombe, madigadi imekunjika juu ya gurudumu, na taa ya nyuma imemwagika vipande vipande kwenye matope. Aliyegonga alikuwa ameshaenda zake.

Basi ukawa mkutano. Mmoja akasema ni lori la majani chai, aliliona kwa macho yake. Mwingine akasema lori gani Jumapili, ni trekta. Mzee mmoja wa kanisa akaapa ni pikapu ya buluu iliyokuwa inakwenda upande wa Sotik, ingawa wakati huo yeye ndiye aliyekuwa mbele akisoma matangazo. Nilisimama kwenye mvua nikalia. Sikulia kwa sababu ya bati. Nilikuwa nakisikia kile kikohozi cha shemeji.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama nami. Mimi na watoto tulimwita Kogo, yaani nyanya. Tuliishi naye boma moja, nyumba yake na yangu zikitazamana. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa maneno machache, na Kiswahili chake kiliishia sokoni. Yote nitakayoandika hapa aliyasema kwa Kipsigis. Alilizunguka gari mara moja, akaupapasa mlango uliobonyea. "Nyamaza," akaniambia. "Watu wanaangalia."

Jumatatu nilikwenda polisi kuandikisha. Jumanne nikapanda Kericho kwa ajenti wangu wa bima, kijana mpole mwenye tai fupi, akanijazia fomu kurasa mbili, akaninyooshea kalamu kama kiboko. "Mwalimu, usiguse kitu. Usioshe hata matope. Asesa atakuja Ijumaa, aione vile ilivyo. Yeye ndiye atasema imeharibika kiasi gani, na kampuni italipa vile atasema."

Nikarudi nyumbani nikalifunika gari kwa turubai nyuma ya ghala la mahindi. Nikamwambia Kogo, "Ijumaa kuna mgeni wa bima atakuja kuangalia gari. Mpaka aje, lisiguswe." Akaitikia kwa kichwa. Nikaona tumeelewana.

Kosa langu ni hilo. Ilikuwa wiki ya mitihani, natoka kabla hakujakucha, narudi giza limeingia, miguu imevimba. Sikuwa na nguvu ya kwenda nyuma ya ghala kutazama turubai. Alhamisi niliingia bomani nikanusa harufu ya rangi, nikajiambia ni uchovu. Chakula kilikuwa tayari, watoto walikuwa wameoga, na walikuwa wananiangalia kwa namna fulani, wakichekeana. Nililala.

Ijumaa niliomba ruhusa. Asesa alifika saa nne, mtu wa upande wa ziwani, mnene, mwenye koti la kaki na mkoba wa ngozi. Nilimpokea getini, nikamwongoza kuelekea nyuma ya ghala huku nikimweleza. Tulipokata kona nikasimama kama niliyepigwa kofi.

Kogo alikuwa ametoa benchi mbili za kanisa. Juu yake wameketi watu kumi na mmoja, wazee wa kanisa na akina mama wa ushirika, wote wamevaa nguo za Jumapili. Mbele yao turubai limekunjwa vizuri, na gari langu linang'aa kama la bwana harusi. Mlango umenyooka. Madigadi imenyooka. Taa mpya. Limeoshwa mpaka kwenye magurudumu, na limepakwa rangi upande wote wa kushoto, nyeupe kuliko upande wa kulia.

"Madam," asesa akasema polepole, "ni gari gani imegongwa?"

Kogo ndiye aliyesimama. Alimsalimia mgeni kwa mikono miwili, akampa kiti, akamletea kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kulaza. Mtu wa ziwani akatazama vile vipande vyeusi vya mkaa vinavyoelea, akatutazama sisi, akafumba macho, akanywa. Hapo nilimheshimu. Kisha Kogo akamwashiria mzee wa kwanza, na mzee akaanza kutoa ushahidi.

Ndipo nikaelewa. Kwetu, jambo likitokea, wazee huketi, na mashahidi husema walichokiona. Kesi husikilizwa. Hakuna anayemwacha mtu na kidonda wazi wiki nzima ili wazee waje wakichungulie. Unamtibu, halafu unasema aliumia, na watu wazima kumi na mmoja wakisema aliumia, basi aliumia. Na mgeni haonyeshwi uchafu. Kogo alikuwa amemwita fundi wa sokoni, yule anayetengeneza mitungi ya maziwa na majembe ya ng'ombe, akamlipa ndama wake jike, na kwa siku mbili wamegonga pale nyuma ya ghala wakati mimi nasimamia mitihani. Penye wazee haliharibiki neno, wanasema. Ningependa aliyesema hivyo angekuwa pale.

Asesa aliwasikiliza wote kumi na mmoja. Lori, trekta, pikapu, tena lori. Hakumkatiza hata mmoja. Walipomaliza akatoa sumaku ndogo mfukoni, akaiweka kwenye mlango. Ikateleza ikaanguka. Akaiokota, akajaribu juu kidogo, ikaanguka tena.

"Naona," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hapa chini ya rangi kuna filla, ile dawa ya kujazia mabonde, unene wa kidole; sumaku haishiki. Hii gari iligongwa, na iligongwa vibaya. Mimi nawaamini hawa wazee wote. Lakini kazi yangu ni kuandika uharibifu, na uharibifu umeniondokea. Picha hamna?"

"Hatuna."

"Risiti ya fundi?"

Nilicheka kicheko kibaya. Risiti ya ndama!

"Pole sana, mwalimu. Pole kabisa." Alisema kwa moyo, na alipokuwa anaondoka alimwinamia Kogo, akamshukuru kwa maziwa. Barua ya kampuni ilikuja mwezi uliofuata ikisema yale yale kwa maneno marefu zaidi. Hawakunilipa hata taa.

Mashahidi walipoondoka, nilimgeukia Kogo. Mkwe hapandishi sauti kwa mama wa mume wake, na mimi sikupandisha, lakini nilisema jambo ambalo hata leo likinijia nikiwa natembea, nasimama. Nilimwambia, "Kogo, umeniua. Mwanao alikufa akaniacha na kitu kimoja, na wewe umekizika." Nikaingia ndani nikafunga mlango. Jioni alimtuma mtoto aniletee uji. Niliurudisha.

Jumamosi asubuhi nilikuwa uani nafua nikasikia sauti za wanaume. Mashemeji wawili, na katikati yao mtu nisiyemjua, mwenye kofia na ufunguo wa gari unaozungushwa kidoleni. Moyo ukanishuka mpaka kwenye beseni. Habari za Jumapili zilikuwa zimewafikia.

"Shemeji," mkubwa akasema, bila hata salamu ya maana. "Tumesikia gari imeshinda mtu. Tulisema nini? Huyu bwana anachukua hivyo hivyo, na mabati yake. Afadhali kitu kidogo kuliko ioze hapa na kuku walalie ndani."

Nilifungua mdomo. Ningesema nini? Bima imeninyima, sina pesa za fundi. Halafu nikakumbuka kwamba fundi ameshakuja.

Kogo alitoka nyumbani kwake akijifuta mikono. "Gari gani limemshinda?" akauliza.

"Ile imegongwa kanisani, mama."

"Liko nyuma ya ghala. Nendeni mkaliangalie."

Wakaenda. Walilizunguka mara ya kwanza, wakalizunguka mara ya pili. Mwenye kofia akachuchumaa akachungulia chini. Akasimama, akajipangusa magoti, akawaambia, "Mliniambia ni skrepu. Hii mtu anaendesha." Shemeji mkubwa akaligusa gurudumu kwa ncha ya kiatu, akatazama kando. Mdogo akaanza kuuliza habari za bonasi ya chai. Hawakunywa hata maji. Tukawasikia wakigombana njiani mpaka walipopinda kwenye miti.

Nilibaki nimesimama, sabuni inanikaukia mikononi. Kichwa changu kilikuwa kinafanya kazi polepole, kama gari lenyewe asubuhi za baridi.

"Kogo. Ulijua wanakuja?"

"Walinijia Jumatatu, wewe ukiwa polisi. Walitaka niwakubalie. Mama akikubali, nani atawauliza? Niliwaambia waje Jumamosi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungepiga kelele. Nakujua. Ungewafuata mpaka kwao, na wangepata sababu." Aliketi kwenye jiwe la kufulia, akavuta pumzi. Nikaona kwa mara ya kwanza alivyochoka. "Huyo mtu wa bima sikuelewa kazi yake. Nilidhani akisikia watu, inatosha. Hapo nilikosea, na umepoteza, na ninaumia. Lakini hata ungeniambia mara kumi kwamba atakosa cha kuangalia, ningelitengeneza tu. Yeye alikuwa anakuja Ijumaa. Hawa walikuwa wanakuja Jumamosi."

"Na mimi nilidhani unalililia gari la mwanao."

Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi ambaye amerudia darasa mara mbili.

"Mwanangu nilishamlilia, akaisha," akasema. "Wale ni wanangu pia, na nawajua, niliwanyonyesha. Wangechukua gari, wewe ungehamia shuleni na watoto, na mimi ningebaki hapa na wao. Wewe sikukuzaa. Lakini ni nani mwingine hunirudia jioni?"

Nilipiga magoti pale pale kwenye maji ya sabuni, nikamwomba msamaha kwa sauti, majirani wasikie wakitaka. Aliniacha niseme mpaka nimalize. Kisha akaniuliza kama sasa nitakuja kwake tuunywe ule uji, kwa maana yeye tangu jana alikuwa hajala.