Pete ya Zohali kwa Dada Kyllikki

Shemeji yangu Urho aliendesha greda la theluji miaka yake yote ya kazi hapa Kajaani, Ufini, na kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko greda lenyewe. Lakini tusidanganyane, alimpenda dada yangu Kyllikki kupita kiasi. Mapafu yalipomlaza dada, aliomba kitu kimoja tu kabla hajafa: aione pete ya sayari ya Zohali kwa jicho lake mwenyewe.

Urho akanunua darubini iliyokwisha tumika. Mwanzoni vilikuwa vichekesho vitupu! Aliitoa kwenye joto la nyumba, akaisimamisha moja kwa moja kwenye theluji, kisha akashangaa Zohali inachemka kama uji.

"Wamenipiga! Mbovu hii!" akafoka.

Dada akacheka mpaka akakohoa. "Mzee, hata wewe ukitoka kwenye joto la sauna hutulii."

Baadaye akajifunza kuiacha uani ipoe kwanza, maana joto lake ndilo lililotikisa picha. Akafunga kikamera cha kompyuta kwa utepe, akapiga picha chungu nzima, kompyuta ikazipanga moja juu ya nyingine mpaka ikatoka moja safi. Pete ile, imezunguka vizuri! Akaikimbiza kitandani, viatu na theluji yake.

"Nzuri, mume wangu," dada akasema. "Ila hii umeiona wewe."

Kumtoa nje haikuwezekana. Basi darubini ikaletwa chumbani, dirisha likafunguliwa kidogo. Joto likatoka kwa kasi, Zohali ikachemka tena. Dada akaelewa kabla yetu.

"Zimeni joto. Fungueni madirisha yote, chumba kiwe baridi kama nje."

"Daktari kasema baridi itakuua," Urho akasema.

"Kwani hapa kwenye joto sifi?"

"Ngoja Aprili, baridi ipungue. Subira yavuta heri."

"We Urho! Aprili mimi sipo."

Alimbembeleza, akamtukana, akambembeleza tena. Urho akakataa katakata, akaenda kulia jikoni. Dada alifariki Februari, chumba kina joto tele na mapazia yamefungwa. Roho iliniuma, inaniuma hadi leo.

Jioni baada ya mazishi nilimpelekea Urho supu ya samaki. Kufungua mlango tu, baridi ikanipiga usoni. Madirisha yako wazi nyumba nzima, joto limezimwa.

"Umepagawa wewe? Maji yataganda, mabomba yatapasuka!" nikapiga kelele.

Alikuwa chumbani, amekaa kwenye kitanda cha dada, koti la dada mabegani, darubini mbele yake.

"Njoo uone, shemeji," akasema. "Imetulia."

Nikainama. Pete ilikuwa pale, safi, haitikisiki hata kidogo.

"Angekufa vilevile," Urho akasema. "Ila angekuwa ameiona."