Chatu Niliyemlea Msimu wa Mpunga

Nakiri ujinga wangu. Msimu mmoja wa miaka ya tisini, mke wangu alipohamia shambani Mchombe kulinda mpunga, mimi nilibaki nyumbani Ifakara kulea chatu. Nilimpata kwa wavuvi akiwa mchanga, nikitaka akikua atumalizie panya wa ghalani. Kwa akili zangu za kidato cha nne nilimjengea kasri: sanduku la mbao lililofunikwa wavu wa banda la kuku, bakuli la maji, na kipande cha blanketi letu. Panya niliowatega hakuwagusa. Nikadhani ana upweke, nikawa napiga naye stori. Waliotoka shambani waliniambia, "Mkeo anakuulizia." Niliwajibu nitakwenda chatu akishakula.

Siku alipokula nilifurahi, nikabeba chumvi na sabuni, nikaenda. Kibanda chetu cha kulindia kilikuwa kitupu na nguruwe walikuwa wameulaza mpunga. Nilimwamkia mama wa shamba jirani, lakini hakuitikia shikamoo yangu.

"Alilinda peke yake mpaka homa ikamwangusha, tukambeba sisi kumpeleka kwao," alisema. "Wewe rudi kwa nyoka wako, ndiye uliyemuoa."