Makala Kumi na Nne za Gulwe

Rukaya binti Mrisho alikuwa mtu wa kadi. Miaka kumi na tisa alikaa katika maktaba ya kituo kimoja cha utafiti wa udongo na maji mjini Dodoma, na kila makala ya kitaalamu iliyoingia aliiandikia kadi yake: mwandishi, kichwa, jarida, mwaka. Ndivyo alivyofundishwa. Lakini hao waandishi, wengi wao wageni waliokaa wiki tatu wakaondoka, nani aliwajua? Hakuna mkulima aliyewahi kufika pale akamuulizia profesa fulani. Watu waliulizia habari za vijiji vyao.

Basi mwaka 1983 Rukaya akaongeza mstari wa tano bila kutumwa na mtu: kijiji utafiti ulikofanyika. Kadi zote akazipanga upya kwa vijiji. Wakubwa walimcheka, kisha wakamwacha. Siku moja watu wa Mtumba wakaja, akavuta droo, akawatolea makala iliyoeleza maji yako upande gani wa ardhi yao. Wakachimba, wakapata. Aliposikia, alitembea kwa miguu hadi nyumbani kwake Nkuhungu huku akitabasamu peke yake, na nani wa kumlaumu?

Habari zikafika Gulwe, ambako visima vyote vilikuwa vya chumvi. Gideoni, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji, akapanda treni kuja. Kadi za Gulwe zilikuwa kumi na nne, na moja ilikuwa ya visima: mtafiti mmoja aliwahi kupata maji baridi, yasiyo na chumvi, huko, na ramani aliichora. Rukaya akamwambia arudi siku atakapopata wachimbaji, ramani isije ikapotea kijijini bure. Hapo alikosea, na ni kosa la watu wa maktaba, kudhani karatasi iko salama zaidi kabatini kuliko mikononi mwa anayeihitaji.

Zikaja enzi za ruksa, za soko huria, na wafadhili, na kompyuta. Mtaalamu aliyetumwa kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye haraka aitwaye Ludovick, alisema mashine ina nafasi nne tu: mwandishi, kichwa, jarida, mwaka. Rukaya akaomba ya tano. Ludovick akamjibu kwamba huo ni mfumo wa wafadhili, haubadilishwi kwa ajili ya kituo kimoja. Kadi zilipokwisha kunakiliwa, zikapigwa moto pamoja na droo zake nyuma ya jengo kupisha meza ya kompyuta.

Lakini Rukaya hakuwa mjinga. Wakati wa kunakili, kila makala aliiongezea mwandishi wa pili, naye ni kijiji. Ukitafuta mwandishi Gulwe, makala kumi na nne zinakuja. Kwa miezi saba mashine ile ilifanya kazi kuliko droo zote, na Rukaya aliipenda.

Ludovick aliporudi kukagua, akamkuta Bwana Gulwe ameandika makala kumi na nne, na Bwana Mtumba kumi na tisa. Alicheka kwanza. Kisha akawafuta wote mchana mmoja. Mkuu wa kituo, aliyekuwa ameagizwa kupunguza wafanyakazi na hajui aanze na nani, akawa amepata jina la kuanzia, la Rukaya.

Gideoni alirudi mwaka 1995, akamkuta Rukaya kwake anachagua mchele. Wachimbaji walikuwa wanafika kijijini kesho yake, kampuni ya watu binafsi, iliyochimba popote gari lilipoweza kusimama kama hujawaonyesha mahali. Wakaenda kituoni pamoja. Msichana wa kompyuta akaandika Gulwe. Hakukuja kitu. Akauliza jina la mwandishi.

Rukaya vijiji vyote alivijua kwa moyo. Jina la yule mtafiti hakuwahi kulishika, kwa sababu kwa miaka yote hiyo hakuona lina faida gani. Kichwa cha makala nacho, kama vingi vya aina yake, kilitaja nyanda kame tu.

Majalada mia mbili na zaidi yalipangwa rafuni kwa majina ya waandishi. Akaomba, akaruhusiwa, akaanza na A. Alifunua kurasa mpaka vidole vikawa vyeusi. Kengele ya kufunga ilipolia alikuwa hajamaliza C. Alilia mbele ya watu, mama mtu mzima, wala hakujificha.

Nje, Gideoni alimgeukia.

"Bi Rukaya," alisema, "una hakika makala ipo humo ndani?"

"Ipo. Niliishika kwa mikono yangu."

"Afadhali ungeniambia haipo."

Akamuaga kwa adabu, akashika njia ya stesheni kuwahi treni.