Kibao cha Sheli ya Njia Panda

Nina vibao vitatu vya sheli za zamani nyuma ya nyumba yangu hapa Kitaji, na majirani wameshanichoka. Wanasema mwalimu mstaafu ameanza kuokota mabati. Wacha waseme, akili ni nywele. Vibao hivi vilisimama njia ya Musoma na Bunda tangu ikiwa vumbi tupu, na sasa watu wa chuma chakavu wanaving'oa kimoja kimoja, vinakwenda kuyeyushwa viwe nondo. Inaniuma, na hakuna ninayemwambia akaelewa.

Nilichokitaka kuliko vyote kilikuwa bado kimesimama njia panda ya kwenda Butiama. Sheli yenyewe ilishakufa, pampu zilishaondoka, kimebaki kibao tu juu ya nguzo, chuma chenye ile rangi ngumu inayong'aa kama ya mabakuli ya zamani. Chini yake marehemu baba alizungusha pampu ya mkono miaka na miaka. Picha ya baba sina hata moja. Nilikuwa na kile kibao, basi.

Nikamwendea mwenye kiwanja, mzee mmoja mkulima wa pamba. Nikamweleza yote, na habari za baba pia. Nikamwahidi mabati mapya ya kuezekea banda lake, mradi kibao kisiguswe mpaka nilete fundi wa kukishusha taratibu.

Akaniangalia sana. "Bati jipya kwa bati la kutu, mwalimu?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Haya. Sawa."

Nikapanda gari kurudi mjini nikiwa na furaha ya kijinga. Kumbe kule nyuma maneno yameshaanza kutembea. Kwetu huku ukionekana unakililia kitu chakavu, watu wanajua unatafuta rupia za Mjerumani zilizofukiwa zamani. Kibao ni alama, mali iko chini ya nguzo. Mwalimu amesoma, anajua ilipo, anataka kula peke yake.

Niliporudi na fundi, nguzo ilikuwa imelala. Walikuwa wamechimba shimo la kumtosha ng'ombe. Kibao kimeangukia sakafu ya zege, rangi yote imepasuka na kubanduka, limebaki bati jeusi lililojikunja. Vipande vilijaa kwenye udongo, vingine vidogo kuliko kucha. Nikakaa chini palepale na gauni langu la kanisani. Nilitafuta tusi la kuwatosha, sikulipata.

Mzee akaja na wanawe wawili. Nilidhani anakuja kuniomba radhi. Wapi, yeye ndiye aliyekuwa amenuna.

"Mwalimu, tumechimba mpaka tumekuta maji. Uliitoa lini?"

"Niliitoa nini?"

"Mali. Tuambie tu, tugawane, yaishe."

Nikamwambia hapakuwa na mali yoyote. Nikamwambia tena kwamba baba yangu alifanya kazi hapa, kwamba nilikuwaga namletea uji hapahapa, anakunywa ameegemea nguzo hiyo waliyoiangusha, na nilichotaka ni kibao tu, nikiweke nyumbani nikiangalie.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka polepole, akitikisa kichwa.

"Mwalimu," akasema, "hata mimi ningekuwa nimeipata, ningesema hivyohivyo."