Tulimwita kwa Kazi Zake

Nimerudi Msimbati kwa ajili ya arobaini ya jirani yetu, na kitu cha kwanza nilichokiona ni bati lake la kukaangia korosho. Limeegemea ukuta wa jiko letu, lina matundu yale yale na masizi yale yale. Mama aliliazima msimu huu na sasa hajui alirudishe kwa nani. Nilinusa ule moshi mkali wa maganda, nikalia kabla sijavua viatu.

Kama na wewe ulikulia huku kwetu, utanielewa. Kulikuwa na watu ambao mikono yao ilikubali kila kazi. Wetu aliishi ng'ambo ya ua wa makuti, hana mume wala mtoto. Asubuhi alipalilia muhogo wake. Jua likipanda ungemkuta pwani, amekunja miguu kivulini, anashona nyavu zilizochanwa na miamba, na wavuvi wazima wanamsubiri kwa adabu. Jioni alikaanga korosho nje. Maganda yalishika moto, mafuta yakaruka, sisi tukafukuzwa. Kisha alizimwagia mchanga, tukaruhusiwa kusogea na mawe yetu kuzipasua. Vidole vyetu havikuwahi kuwa safi msimu ule. Na mwanamke akishikwa na uchungu, au mtoto akianguka kutoka mkoroshoni akateguka mkono, au mama wa watu akifariki na anatakiwa kuoshwa, ni yeye aliyeitwa.

Ila kila mtu alimwita kwa lake. Kwa wavuvi alikuwa Fundi. Kwa mama zetu alikuwa Mkunga; mama yangu mwenyewe aliolewa hapa kutoka Ziwani akakuta anaitwa hivyo, naye akafuata. Wasichana aliowafunda unyagoni walimwita Somo mpaka nao wakapata wajukuu. Sisi watoto tulimwita Bibi Korosho. Mjomba wangu, aliyeugua mpira maisha yake yote, alimwita Kiraka, kama mchezaji anayepangwa leo beki kesho winga. Aliitika yote. Akisikia Fundi alitoka na sindano ya nyavu, akisikia Mkunga alitoka na kanga safi. Hakuhitaji kuulizia ameitiwa nini.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa mtu wa bara, aliyefika kwetu akiwa bado anamwogopa pweza. Siku moja alitufundisha maneno ya kuwasifu watu. Akaandika ubaoni hodari, stadi, mahiri, gwiji, kisha akauliza kijijini kwetu nani ni stadi wa nini. Mikono ikapanda. Mmoja akamtaja Fundi wa nyavu, mwingine Mkunga, mwingine Somo. Mwalimu akafurahi sana, akasema kijiji chenu kina bahati ya wanawake wengi wenye ujuzi. Darasa zima likacheka.

"Ni mmoja huyo, mwalimu," nikamwambia. "Jirani yetu."

"Anaitwa nani hasa?"

Tukatazamana. Hakuna aliyejua, na kwa umri ule hatukuona kuwa ni jambo la kujua. Mwalimu aliyaangalia maneno yake ubaoni, akasema atatutafutia moja linalomtosha mtu wa namna hiyo. Alihamishwa kabla hajatuletea.

Jioni nilimsimulia jirani. Alicheka huku akigeuza korosho. "Mwambie mwalimu wako asijisumbue, mjukuu wangu. Neno likiwa kubwa mno, watu watashindwa kuniita."

Miaka ikapita. Nyavu zikawa za dukani, zikichanika watu wananunua nyingine. Wajawazito wakaanza kwenda zahanati, na ni vizuri, mimi mwenyewe nilijifungulia hospitalini. Macho yake yakafifia. Mwaka huu mtoto wa kaka yake alikuja kumchukua akatibiwe Mtwara mjini, na huko ndiko alikofia.

Yule mtoto wa kaka yake amekulia mjini, anamjua shangazi yake kwa jina alilopewa na wazazi. Alipiga simu msikitini akalitaja. Muadhini, kijana mgeni hapa, akalitangaza kwenye kipaza sauti: fulani binti fulani amefariki, maiti inaletwa, mazishi ni baada ya sala ya adhuhuri.

"Nilisikia vizuri kabisa, mwanangu," mama aliniambia. "Nikasema innalillahi, maskini, huyu sijui wa upande gani. Nikaendelea kumenya muhogo."

Ulikuwa wakati wa kuokota korosho, wengi wako mashambani. Maiti ililetwa imeshaoshwa na wanawake wa mjini wasiomjua, yeye aliyewaosha mama zetu wote. Wanaume wachache waliokuwa msikitini walimswalia kama wanavyomswalia mgeni, wakazika, wakarudi kwenye shughuli zao. Kijana yule alidhani shangazi yake hakupendwa.

Alasiri akaja kufungua nyumba. Mama alimwona akihangaika na mlango, akamuuliza kupitia uani anatafuta nini kwa Mkunga.

"Ndiye tuliyemzika mchana, mama."

Mama alitoka kichwa wazi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Alipita njia nzima mpaka pwani, anaita. Mkunga amekufa. Fundi amekufa. Somo amekufa. Kila alipobadilisha jina mlango mwingine ulifunguka, na kilio kingine kikaanza. Mvuvi mmoja alikaa chini mchangani. Ndiye aliyechimba kaburi. "Nimechimba haraka haraka niwahi maji," alisema, "nikijua namchimbia mtu nisiyemjua." Jirani ndiye aliyempokea siku aliyozaliwa.

Leo kwenye hitima watu walijaa mpaka barabarani. Pilau lilipikwa na kila nyumba iliyowahi kumwita. Shehe alipolitaja jina lake katika dua, niliwaona watu wazima wakitazamana, sawa na sisi siku ile darasani. Mtu wa kushona wavu hatuna tena, wala wa kufunga mkono ulioteguka, na mama hajui nani atakayemwosha yeye. Hayo yote yaliondoka pamoja, ndani ya sanda moja, nasi hatukuwepo.

Jina lake nimelijua sasa. Nalitaja katika dua kwa sababu ndivyo inavyotakiwa, lakini nikilitaja simwoni mtu. Jioni hii, mama alipoingia ndani, nilisimama uani na lile bati mkononi nikaita kwa sauti ya chini, Bibi Korosho, macho yangu yakaenda moja kwa moja mlangoni kwake, kwenye kufuli jipya.